Mofini ya hospitali na mofini ya mwilini: zinashikaje vipokezi vya ubongo, na ukitaka kuchagua uangalie nini

Kuna swali linaulizwa sana na kwa kweli ni swali zuri: kama ubongo unatengeneza dawa yake yenyewe ya maumivu, kwa nini watu wachomwe mofini, si tungetafuta namna ya kutumia hiyo ya asili? Na mtu akishasikia kwamba endofini ni mofini ya mwili anamalizia mwenyewe kwamba ya asili ni salama na ya kiwandani ni sumu, basi kesi imeisha. Mimi nasema tukilinganisha hivyo tunapotea. Hivi vitu viwili vinakaa kwenye kipokezi kilekile (protini ya seli ambayo dawa au kemikali ya mwili inajishikiza), tena karibu kwa mtindo uleule, kinachovitenganisha ni muda na mahali, yaani kinakaa hapo kwa muda gani na kinafika sehemu zipi za mwili. Ukishika hayo mawili unaweza kulinganisha hata dawa kwa dawa ndani ya jamii hii ya mofini, mofini na methadoni, fentanili na buprenofini, na ukakaa na daktari ukamuuliza maswali ya maana.

Tuanze na vipokezi vyenyewe. Mwaka 1973 maabara tatu, ya Candace Pert na Solomon Snyder kule Baltimore, ya Eric Simon pale New York na ya Lars Terenius huko Uppsala nchini Sweden, zilionyesha kila moja kivyake kwamba ubongo una sehemu maalum ambazo dawa za jamii ya afyuni zinajishikiza. Swali likaja lenyewe: hizo sehemu ziko ubongoni zinafanya nini, maana haiwezekani mwili ukaweka vipokezi kwa ajili ya maji ya mmea wa afyuni tu. Jibu likatoka Aberdeen, Scotland, mwaka 1975, John Hughes na Hans Kosterlitz walipopata kwenye ubongo wa nguruwe peptidi (minyororo ya amino asidi, yaani vipande vinavyojenga protini) mbili fupi kabisa, za amino asidi tano tano, wakaziita enkefalini. Baadaye zikajulikana beta-endofini yenye amino asidi 31 na dainofini yenye 17. Vipokezi navyo ni familia, vikubwa ni vitatu: myu, delta na kapa. Enkefalini inapenda zaidi delta ila na myu inashika vizuri, beta-endofini inashika myu na delta, dainofini ni ya kapa. Mofini, heroini, fentanili, methadoni, hizi zote kazi yao kubwa iko myu.

Sasa zinashikaje

Hapa ndipo panaponivutia kuliko pote. Ukichukua mofini na enkefalini ukaziweka pamoja kwenye karatasi hazifanani hata kidogo. Mofini ni molekuli ngumu isiyopinda, pete tano zimeungana. Enkefalini ni mnyororo laini unaojikunja huku na huku. Ila angalia mwanzo wa mnyororo: amino asidi ya kwanza ni tairosini, halafu glaisini mbili, halafu fenilalanini, na ya tano ni methionini au lusini. Hiyo tairosini ndiyo yenye siri. Ina pete yenye kikundi cha haidroksili upande mmoja na naitrojeni yenye chaji chanya upande wa pili, na mofini ina vitu hivyohivyo viwili, vimekaa karibu kwa umbali uleule. Kipokezi cha myu ni protini iliyopita kwenye ukuta wa seli mara saba na katikati yake kuna mfuko, ndani ya mfuko kuna amino asidi iitwayo aspateti yenye chaji hasi, na naitrojeni ya dawa au ya peptidi inakuja kuungana na hiyo aspateti. Muungano huo ndio nanga ya karibu zote, iwe imetoka kwenye mmea, maabara au kwenye ubongo wako mwenyewe.

Beta-endofini na dainofini nazo zinaanza na mpangilio huohuo wa tairosini, glaisini, glaisini, fenilalanini. Kwa hiyo kichwa kinabeba ujumbe, na mkia uliobaki ndio unaochagua mlango upi. Dainofini ina mkia wenye chaji chanya nyingi na ndio maana inakwenda kapa. Mofini haina mkia wa namna hiyo, ina umbo lake tu.

Umuhimu wa ile haidroksili unauona kwenye kodini. Kodini ni mofini ambayo haidroksili yake imefunikwa na kikundi kidogo cha methili, na kifuniko hicho kinatosha kuifanya ishike kipokezi kwa udhaifu sana. Kinachotuliza maumivu ni ile sehemu ndogo ambayo ini linaivua kifuniko na kuigeuza mofini, kwa kimeng'enya kinachoitwa CYP2D6. Kuna watu kimeng'enya hicho hakifanyi kazi, wanakunywa kodini na maumivu yako palepale, halafu wanaambiwa wanajifanyisha. Kuna wengine kinafanya kazi kupita kiasi na dozi ya kawaida inageuka mofini nyingi ghafla. Watoto wamekufa kwa njia hii, na mwaka 2017 Marekani ikakataza kodini kwa walio chini ya miaka 12.

Fentanili ndiyo inayosumbua hadithi yangu kidogo maana haina ile haidroksili kabisa. Paul Janssen wa Ubelgiji na wenzake waliitengeneza karibu na mwaka 1960, naitrojeni yake inashika aspateti ileile ila mwili wake uliobaki unalala kwenye mfuko kwa namna nyingine. Na bado inazidi mofini kwa nguvu mara 50 hadi 100 ukipima kwa uzito wa dawa.

Nani anasukuma zaidi?

Watu wengi hapa wanabahatisha vibaya, na ni kawaida tu maana hata mimi ningedhani dawa ndiyo yenye nguvu. Kuna mambo mawili yanachanganywa. La kwanza ni kushika, yaani inakaa kwenye kipokezi kwa urahisi gani hata ikiwa kidogo. La pili ni kuamsha, yaani ikishakaa inakisukuma kipokezi kifanye kazi kiasi gani. Ukipima kwenye seli za maabara, enkefalini ya methionini inaamsha myu kwa nguvu zaidi ya mofini. Narudia: peptidi ya mwili inasukuma zaidi, mofini inasukuma kiasi. Kwa hiyo anayesema mofini ni hatari kwa kuwa inaamsha kipokezi kupita kile cha asili, amekosea sehemu ya kutafuta hatari.

Kipokezi kikiamka kinachotokea ndani ni kilekile kwa wote. Kinaziamsha protini za G za aina ya kuzuia, yaani swichi za ndani ya seli, njia za potasiamu zinafunguka na za kalisi zinafungwa, seli ya neva inatulia na inaacha kumwaga kemikali za kupeleka taarifa ya maumivu. Kwenye uti wa mgongo hiyo ni nafuu. Kwenye shina la ubongo, pale panapoendesha pumzi, utulivu huohuo ndio unaoua mtu.

Kuna tofauti moja ya baada ya kuamsha ambayo lazima niitaje. Enkefalini ikishaamsha kipokezi, seli inakivuta ndani haraka, inakisafisha na mara nyingi inakirudisha juu kikiwa tayari tena. Mofini inafanya hivyo kwa unyonge, kipokezi kinabaki juu kikiendelea kuguswaguswa. Wataalamu bado wanabishana hilo linachangia kiasi gani kwenye mwili kuzoea dawa, ila tofauti yenyewe imeonekana maabara nyingi.

Muda, hapa ndipo penye uzito

Enkefalini ikimwagwa na neva haikai. Vimeng'enya vya pembeni, neprilisini na aminopeptidasi, vinaikata vipande ndani ya sekunde hadi dakika chache. Inabisha hodi, inatoa ujumbe, inaondoka. Mofini ikiingia kwenye damu inachukua saa mbili mpaka tatu hivi kupungua nusu, na kwa masaa yote hayo kila kipokezi cha myu kilichoachia kinakuta molekuli nyingine iko jirani inasubiri. Umbo la kipokezi cha myu lilipochorwa mwaka 2012 ilionekana mfuko wake uko wazi kuelekea nje, ndiyo maana dawa nyingi zinaingia na kutoka haraka, kinachoendeleza kazi ni kwamba dawa haijaisha mwilini.

Na seli haikubali kutulizwa siku nzima bila kujibu. Inaongeza ile mashine iliyokuwa inazuiwa na hizo protini za G, inaunda zaidi cAMP, kemikali ya kupeleka ishara ndani ya seli, ili irudi kwenye hali yake. Ndiyo kuzoea: dozi ya jana leo haitoshi. Dawa ikikatika ghafla ile mashine iliyoongezwa inabaki inakimbia bila breki, jasho, kuharisha, mwili kuuma, usingizi hakuna, miguu haitulii, hiyo ndiyo arosto. Wanaodhani arosto ni kukosa nia wangejua seli zimejipanga upya kiasi gani wasingesema hivyo. Peptidi za mwili hazileti hali hiyo kwa sababu hazipewi nafasi ya kukaa hivyo.

Mahali

Peptidi inamwagwa pale inapohitajika, na neva fulani, kwa wakati fulani. Mofini inakwenda kila penye vipokezi kwa mpigo mmoja: uti wa mgongo, shina la ubongo, utumbo ambako inafunga choo (na hiyo ya choo mwili hauizoei, mgonjwa anahitaji dawa ya kulainisha tangu mwanzo, asiambiwe asubiri), na ile sehemu ya katikati ya ubongo ambako inazizima seli zinazozuia dopamini hivyo dopamini inamwagika. Raha ile na maumivu kupoa na pumzi kushuka ni kipokezi kimoja katika mitaa tofauti ya ubongo, ndiyo maana ni vigumu mno kupata dawa ya myu inayotoa kimoja ikaacha vingine.

Kuna hata mahali ndani ya seli. Utafiti uliotoka 2018 ulionyesha kwamba peptidi zinaamsha vipokezi vilivyo juu ya seli halafu zinaendelea vikishavutwa ndani, lakini mofini na wenzake, kwa kuwa ni vidogo na vinapenya utando wa seli, vinaamsha mpaka vipokezi vilivyo kwenye Goljia, kile kiungo cha seli kinachopanga na kufungasha protini, ndani kabisa, sehemu ambayo peptidi haifiki. Kwa hiyo hata kipokezi kilekile kinatoa ishara kutoka sehemu ambayo maumbile hayakuitumia.

Basi kwa nini tusimeze hiyo ya asili?

Tumejibu nusu tayari. Ukimeza peptidi tumbo linaimeng'enya kama protini nyingine yoyote ya chakula. Ukiichoma kwenye mshipa vimeng'enya vinaikata, na iliyobaki inagonga ukuta ulio kati ya damu na ubongo, ukuta ambao peptidi nyingi haziupiti ilhali mofini inapenya kiasi na fentanili, kwa kuwa inayeyuka vizuri kwenye mafuta, inapita haraka mno. Kwa sababu hiyo vidonge vinavyouzwa kwamba ni endofini, kama lengo ni ziende ubongoni zikashike vipokezi, achana navyo. Na endofini iliyopimwa kwenye damu baada ya mazoezi haituambii kilichopo ubongoni, ni vyumba viwili tofauti.

Wanakemia walijaribu kuifanya peptidi isikatike. Asili yenyewe iliwatangulia: ngozi ya chura mmoja wa Amerika ya Kusini ina peptidi inaitwa demofini, amino asidi saba, na ya pili ni alanini iliyogeuzwa mkono, yaani umbo lake ni kinyume kama mkono wa kushoto na wa kulia, vimeng'enya vinashindwa kuikata kirahisi. Inashika myu kwa nguvu ajabu. Na matokeo yake ni yaleyale ya mofini, kuzoea na utegemezi vipo, na mwaka 2012 Marekani farasi wa mashindano walikutwa wamepewa ili wakimbie bila kusikia maumivu. Hilo kwangu ndilo jibu la wanaosema asili ni salama. Peptidi ya asili kabisa, ukiipa muda mrefu tu, inakuwa na tabia za dawa.

Zilizofaulu ni zile zilizotumia mipaka ya peptidi badala ya kupigana nayo. Difelikefalini ni peptidi ya amino asidi nne, zote zimegeuzwa mkono, inashika kapa, na kwa kuwa haiingii ubongoni vizuri inatuliza mwasho wa wagonjwa wa figo wanaosafishwa damu bila kuwavuruga akili, Marekani iliikubali 2021. Rasekadotrili nayo haigusi kipokezi kabisa, inamzuia yule kimeng'enya anayekata enkefalini, na inatumika kwa kuharisha kwa sababu enkefalini ya utumbo inabaki muda kidogo zaidi inapunguza maji kumwagika. Kwa maumivu makali bado hakuna peptidi iliyochukua nafasi ya mofini.

Ingawa usidhani mfumo wa asili ni mapambo. Mwaka 1978 Jon Levine, Newton Gordon na Howard Fields walifanya utafiti na watu waliong'olewa magego, waliopata nafuu kwa dawa bandia isiyo na kitu wakapewa naloksoni, dawa inayoziba vipokezi hivi, na maumivu yao yakapanda. Maana yake ile nafuu ilipitia peptidi zao wenyewe, haikuwa ya kuigiza. Namna daktari anavyoongea na mgonjwa, kumwondolea hofu, hayo yana njia yake ya kimwili, na yanaongezwa juu ya dawa, hayawekwi badala yake kwa mtu mwenye mfupa uliovunjika.

Dawa kwa dawa

Hapa sasa ndipo uchaguzi wa kweli ulipo, maana hakuna atakayekuletea sahani mbili, ya endofini na ya mofini. Mofini inabaki ya kwanza kwa maumivu makali ya saratani na baada ya upasuaji, inajulikana, inapimika, na iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Shida yake ni figo. Ini linaigeuza kuwa vitu vingine, na kimojawapo kinashika myu vizuri tu, figo zikiwa dhaifu kinajikusanya na mgonjwa anazidi kusinzia siku baada ya siku. Kwa mgonjwa wa namna hiyo fentanili mara nyingi inafaa zaidi kwa sababu haiachi mabaki ya kazi hiyo. Lakini fentanili inafika ubongoni haraka kiasi kwamba tofauti ya dozi ndogo sana ni tofauti ya pumzi na kukosa pumzi, iko vizuri mikononi mwa mtu wa usingizi chumba cha upasuaji au kwenye plasta ya ngozi ya kutoa kidogo kidogo kwa mtu ambaye tayari amezoea opioidi, yaani dawa za jamii hii ya mofini. Plasta hiyo asibandikwe mtu ambaye hajawahi kutumia dawa hizi, na usiiwekee kitu cha moto juu, joto linaongeza dawa inayoingia.

Kwa uraibu wa heroini ushindani ni methadoni na buprenofini, na nataka nikae hapa kidogo maana watu wanadhani ni kubadilisha ulevi kwa ulevi. Rudi kwenye muda. Heroini ikiingia ubongoni inageuka haraka kuwa mofini na ndugu yake mwingine, inapanda ghafla na kushuka ndani ya masaa, mtu anaishi kati ya kulewa na arosto mara kadhaa kwa siku. Methadoni inaamsha myu vizuri kama mofini ila inakaa siku nzima na zaidi, seli haipandi wala kushuka, mtu anaweza kufanya kazi na kulea watoto. Ubaya ni kwamba inajikusanya, siku za mwanzo dozi ileile ya jana inaongezeka juu ya iliyobaki, na inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, kwa hiyo wanaoanza wanasimamiwa.

Buprenofini ni ya ajabu kwa maana nzuri. Inashika myu kwa nguvu sana, inang'ang'ania, inachelewa kuachia, lakini ikishakaa inasukuma nusu nusu. Kwa hiyo ina dari, ukiongeza dozi kupita kiwango fulani pumzi haiendelei kushuka vile, na heroini ikija juu yake inakuta nafasi imekaliwa. Dari hiyo lakini inavunjika ukichanganya na pombe au dawa za usingizi za jamii ya diazepamu. Na kuna kosa moja baya la kuanzia: mtu akiinywa wakati heroini au methadoni bado ziko kwenye vipokezi, buprenofini inazisukuma nje na kuweka msukumo wake mdogo, arosto inampiga kwa ghafla kuliko ya kawaida. Anatakiwa kusubiri mpaka arosto ya kweli ianze kuonekana. Kwa maoni yangu kama mtu anaweza kuvuka hapo mwanzo na hana matumizi makubwa sana buprenofini ni chaguo zuri la kwanza kwa usalama wake, na kwa yule ambaye buprenofini imemshinda, bado ana hamu kali kila siku, methadoni aipewe bila kuonekana ameshindwa.

Naloksoni inashika kipokezi bila kukiamsha hata kidogo. Ukimpa mtu mzima ambaye hajatumia chochote, amekaa tu, kwa kawaida hasikii kitu cha maana, na hilo linatuonyesha peptidi zetu zinalala mpaka ziitwe. Ukimpa aliyezimia kwa opioidi anaanza kupumua ndani ya dakika chache. Ila ina muda wake, dakika 30 mpaka 90 hivi, na methadoni au plasta ya fentanili inaishi zaidi ya hapo. Anaamka, anasema yuko sawa, anataka kuondoka, naloksoni inaisha na ile dawa ya kwanza bado ipo inarudi kwenye kipokezi. Asiachwe peke yake, apelekwe hospitali hata kama anabisha.

Na mtu aliyetoka kukaa bila dawa kwa wiki kadhaa, jela au wodini, seli zake zimeshasahau mazoea. Dozi aliyokuwa anaimudu zamani sasa inaweza kumuua kwa mara ya kwanza tu. Wanaoishi naye waambiwe hilo kabla hajarudi nyumbani, na kama naloksoni inapatikana wawe nayo na wajue kuitumia.